Njia ya Kijana wa Visiwani Kuelekea Kikosi cha Makomando: Mwongozo Kamili

Onyesho la makomando katika sherehe za kitaifa, pale askari mmoja anapopasua matofali kwa kichwa na mwengine anapoteremka kwa kamba kutoka juu, limewafanya vijana wengi wa Unguja na Pemba waamini kwamba ukomando ni nguvu na ujasiri tu, na kwamba iko fomu mahali fulani ambayo mwenye bahati huipata akaijaza. Swali ninaloulizwa mara nyingi hapa Chake Chake, hasa na wazazi ambao watoto wao wamemaliza skuli, ni hili: fomu za ukomando zinatolewa wapi? Hazitolewi popote. Kikosi cha makomando huchagua watu wake kutoka miongoni mwa askari waliokwisha kuwa askari, na karibu majeshi yote duniani hufanya hivyo. Kwa hiyo kazi ya kijana wa miaka 19 ni kuingia jeshini kwa njia iliyonyooka, kuishi kambini kwa namna itakayomfanya mkuu wake amkumbuke kwa wema, na kuutayarisha mwili taratibu kwa mchujo ambao huenda ukamjia baada ya miaka kadhaa.

Hatua ya kwanza: kujua mlango upi ni upi

Ulinzi ni jambo la Muungano, na jeshi letu ni moja, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lililoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964. Makomando ni sehemu ya jeshi hilo. Mbali na hilo, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inazo Idara Maalum zake, nazo ni Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM), Kikosi cha Valantia, Zimamoto na Uokozi, na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza ya Zanzibar. Neno "maalum" limewapotosha wengi. Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo kinalinda bahari yetu, na wazamiaji wake wana kazi ngumu ya kuheshimiwa, lakini hicho si kikosi cha makomando wa jeshi, na kuajiriwa humo si ngazi ya kupandia kwenda huko.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kosa lake halirekebishiki kwa urahisi. Matangazo ya JWTZ yamekuwa yakitaka mwombaji awe hajawahi kutumikia vikosi vyengine kama vile Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo na KMKM. Kijana anayechukua ajira ya kwanza inayotokea kwa nia ya "kuhama baadaye" anaweza kuwa ameufunga mlango anaoutaka kwa mkono wake mwenyewe. Ajira ya KMKM au ya Zimamoto ni ajira njema kabisa. Achukue yule anayeitaka yenyewe.

Hatua ya pili: makaratasi, na watu wanaouza hewa

Njia ya kawaida ya kuingia JWTZ kwa kijana wa Visiwani hupitia mafunzo ya kujitolea, ya Jeshi la Kujenga Taifa au ya Jeshi la Kujenga Uchumi, na nafasi hizo hutangazwa na kushughulikiwa kupitia ofisi za wilaya na mikoa. Masharti hubadilika kidogo kila mwaka, kwa hiyo lisomwe tangazo la mwaka husika na si la mwaka jana lililohifadhiwa kwenye simu ya binamu. Yasiyobadilika sana ni haya: uraia wa Tanzania, umri mdogo ambao kwa mwenye kidato cha nne au cha sita kwa kawaida hauzidi miaka 24, kutokuwa na ndoa, tabia njema, kutowahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na afya timamu. Mwenye michoro ya wino mwilini ajue kwamba jambo hilo hutazamwa vibaya.

Kabla ya tangazo kutoka, weka pamoja cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kitambulisho cha Taifa, vyeti vya skuli na barua ya sheha wako. Kisha kaa chini uyasome majina herufi kwa herufi. Hapa kwetu mtu mmoja anaweza kuwa Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa, Hamis kwenye cheti cha kidato cha nne, na Hamisi kwenye kitambulisho. Anaweza kutumia jina la babu kwenye karatasi moja na jina la ukoo kwenye nyengine. Nyumbani jambo hilo halimsumbui mtu yeyote, lakini mbele ya afisa anayekagua mafaili mia tatu kwa siku, majina matatu ni watu watatu. Usahihishaji wa jina huchukua wiki, wakati mwengine miezi, na dirisha la maombi huwa fupi. Anza sasa.

Usijaribu kabisa kutumia cheti cha mtu mwengine au kupunguza umri. Hata ukipita siku hiyo, faili lako litafunguliwa tena utakapoomba kuingia kikosi kinachoshika siri, na wanaofanya uchunguzi huo hufika mpaka kwenye shehia uliyozaliwa na skuli uliyosoma, na hawana haraka.

Ama kuhusu fedha, nafasi za jeshi haziuzwi, na jeshi lenyewe limekuwa likitoa onyo juu ya matapeli mara kwa mara. Mzazi mmoja ninayemfahamu kule Wete aliuza ng'ombe wawili akampa mtu aliyejiita afande, ambaye alikuwa na kofia ya kijeshi kwenye picha yake ya simu na maneno mengi ya kambini mdomoni. Hakuonekana tena. Yeyote anayekuahidi nafasi ya ukomando moja kwa moja kutoka mtaani amekwisha kujifichua, kwa sababu nafasi hiyo haipo.

Hatua ya tatu: kambi, depo, na miaka ya uaskari wa kawaida

Anayepita mchujo wa awali huenda kwenye mafunzo ya kujitolea, na akichaguliwa kuingia JWTZ hupelekwa depo, yaani shule ya mafunzo ya awali ya kijeshi kama ile ya Kihangaiko mkoani Pwani, ambako raia hugeuzwa kuwa askari. Huko kuna kwata, silaha, ramani, mchakamchaka wa alfajiri na usingizi mchache. Sitaeleza sana, kwani kila aliyepita huko ana hadithi zake na huzisimulia bila ya kuombwa.

Liko jambo moja ambalo vijana wetu hawaambiwi. Visiwa vyetu vimepunguza malaria kwa kiasi kikubwa sana, hata kijana aliyekulia Pemba anaweza kufika miaka 20 bila ya kuugua hata mara moja. Uzuri huo una gharama yake: mwili ambao haujazoea vijidudu hivyo hauna kinga, na kambi nyingi za Bara ziko mahali ambapo malaria bado ipo. Lala ndani ya chandarua hata kama wenzako wanakucheka, na homa ya siku ya kwanza iripoti siku hiyo hiyo. Kuficha homa ili uonekane shupavu ni ujinga ambao umewarudisha wengi nyumbani wakiwa wamebebwa.

Miaka inayofuata, ile ya lindo, usafi, zamu za usiku na kozi ndogo ndogo, ndiyo inayoamua. Mkuu wa kikosi atakapoulizwa nani anafaa kupelekwa kwenye mchujo, hatamkumbuka aliyepiga pushapu nyingi katika sherehe. Atamkumbuka yule ambaye silaha yake ilikuwa safi siku ambayo hakuna aliyetazamia ukaguzi, ambaye hakuwahi kuchelewa kurudi likizo hata boti ya Pemba ilipoahirishwa, kwa sababu aliondoka siku mbili kabla, na ambaye faili lake la nidhamu ni jeupe. Ukipata nafasi ya kozi ya ramani na dira, ya huduma ya kwanza, ya mawasiliano, ya miavuli au ya uzamiaji, ichukue. Kiingereza na Kifaransa navyo ni silaha. Vikosi maalumu vya nchi kavu vya Marekani, vile vya kofia za kijani, vimejengwa juu ya timu ndogo za watu 12, na kila mmoja wao hufundishwa lugha ya kigeni, kwa sababu kazi yao ni kukaa na watu wa nchi nyengine.

Hatua ya nne: wito wa kujitolea

Katika nchi nyingi wito wa kujiunga na kikosi maalumu hupita ndani ya jeshi, na askari hujitolea mwenyewe, halazimishwi. Huwepo masharti ya muda wa utumishi, cheo, afya na ridhaa ya mkuu wake. Uingereza, ambayo kikosi chake cha SAS kilianzishwa mwaka 1941 na David Stirling na ndicho kilichoigwa na wengi, huchukua askari kutoka matawi yote ya majeshi yake na humpa mtu nafasi mbili tu za kujaribu maishani. Wamarekani wameweka njia inayomruhusu raia kutia saini akiwa na shabaha ya vikosi maalumu tangu siku ya kwanza, na habari hiyo huwachanganya vijana wanaoisoma mtandaoni. Hata hivyo, raia huyo hupitia kwanza mafunzo ya uaskari na ya miavuli ndipo akaingia kwenye mchujo, na akishindwa hubaki askari wa kawaida kwa mujibu wa mkataba wake.

Wanawake wanauliza kama mlango huu ni wao pia. Marekani ilifungua kazi zote za mapigano kwa wanawake kuanzia mwaka 2016, na Uingereza ikafuata mwaka 2018, SAS ikiwamo. Vipimo havikupunguzwa.

Hatua ya tano: mchujo wenyewe

Hapa ndipo penye mambo. Majeshi hayachapishi kila kitu kuhusu mchujo wao, na ni haki yao, lakini yanayojulikana kutoka nchi zilizozungumza yanatosha kumwonesha mtu kinachotafutwa.

Mchujo wa SAS hufanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya baridi na ya joto, katika milima ya Wales. Askari hupanda na kuteremka kilima cha Pen y Fan chenye urefu wa mita 886, na matembezi ya mwanzo ni ya kilomita 24 akiwa na mzigo mgongoni. Siku baada ya siku mzigo huongezeka na njia hurefuka, mpaka tembezi la mwisho la kama kilomita 64 ambalo lazima limalizike ndani ya saa 20. Anatembea peke yake, na ramani na dira. Jambo la kushangaza ni kwamba wakufunzi hawamfokei. Hakuna wa kumtia moyo wala wa kumtukana; kwenye kituo anapewa nukta ya kituo kinachofuata, basi. Mara nyingi haambiwi muda anaotakiwa kuutumia, na jioni haambiwi kama amefanya vizuri. Askari aliyezoea kusukumwa na sauti ya mkufunzi huishiwa nguvu ndani ya ukimya huo, na hiyo ndiyo shabaha ya wakufunzi. Wanaofika mwisho wa mchujo mzima, ukijumlisha wiki za msituni na zoezi la kukamatwa na kuhojiwa, ni kama mmoja kati ya kumi.

Wamarekani wa majini, yaani makomando wao waitwao Navy SEALs, wamechagua njia ya kelele. Huko Coronado, California, mafunzo yao ya wiki 24 yana siku tano na nusu ambamo kijana hulala jumla ya saa nne hivi, akiwa amelowa maji ya baridi, amejaa mchanga, na amebeba boti ya mpira kichwani pamoja na wenzake. Anayetaka kuacha hugonga kengele mara tatu. Kengele ipo wazi mchana na usiku, na karibu robo tatu ya wanaoanza mafunzo hawamalizi. Ukiwasikiliza wakufunzi wa huko, wengi huacha wakati wa kula au wakiwa wanangojea zoezi linalofuata, pale akili inapopata nafasi ya kupiga hesabu ya maumivu yajayo. Fundisho lake kwa anayejitayarisha ni jepesi kulisema na gumu kulitenda: usiifikirie Ijumaa siku ya Jumatatu. Fikiria mpaka chakula kinachofuata, kisha fikiria mpaka kingine.

Mwili ni nusu tu ya kipimo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, idara ya ujasusi ya Marekani iliwapima watu wake katika nyumba moja ya shamba huko Virginia, na moja ya mitihani yao bado hunifurahisha. Mtu aliambiwa ajenge fremu kubwa ya mbao kwa dakika 10 akisaidiwa na vibarua wawili. Vibarua hao walikuwa wafanyakazi wa idara yenyewe, mmoja amepangiwa kuwa mvivu na mwengine kuwa mbishi na mwenye dharau. Hakuna aliyewahi kuimaliza fremu hiyo, na hakuna aliyetarajiwa kuimaliza. Waliopima walikuwa wanatazama nani atapandwa na hasira, nani atakata tamaa, na nani ataendelea kuzungumza na vibarua wale kwa staha huku mbao zikianguka. Michujo ya leo ina mitihani ya jamii hiyo hiyo, kwa majina mengine: kazi za timu zisizo na jibu, maswali ya mwanasaikolojia, na mahojiano ambamo unaulizwa jambo moja mara nne kwa sura nne. Usiigize. Aliyewahi kuogopa aseme aliogopa, kisha aeleze alifanya nini.

Kisha kuna kipimo ambacho wengi hawakitegemei, nacho ni wenzako. Katika michujo mingi kila askari huandika nani katika kundi lake angependa kwenda naye vitani na nani asingependa. Anayebeba mzigo wa mwenziwe mbele ya mkufunzi na kuutupa akiondoka huonekana na kila mtu isipokuwa mkufunzi, na karatasi hizo husema. Nimewaona mabingwa wa mbio katika viwanja vya Gombani ambao, kwa maoni yangu, wangeanguka kwenye karatasi hiyo peke yake.

Hatua ya sita: kuutayarisha mwili hapa hapa

Huhitaji ukumbi wa mazoezi wa mjini. Vilima vya Pemba, pamoja na njia zake za mikarafuu zenye matope wakati wa masika, ni uwanja mzuri kuliko mashine yoyote. Wa Unguja watumie mchanga wa ufukweni maji yakitoka. Jenga kwanza miezi mitatu ya mbio za kawaida, mara nne kwa wiki, mpaka kilomita 10 ziwe hazikutishi. Ndipo uanze kutembea na mzigo: begi imara lenye polo dogo la mchanga, kilo 10 tu, lililofungwa juu karibu na mabega lisichezecheze. Tembea kwa haraka, usikimbie na mzigo, kwani magoti na mifupa ya mguu huchelewa kukomaa kuliko mapafu. Fanya hivyo mara moja kwa wiki, na ongeza ama kilo au masafa, kamwe si vyote viwili katika wiki moja. Mtu akifika kilo 20 kwa saa nne bila ya malengelenge, ametosha kwa raia.

Jifunze kusoma ramani na dira ya kawaida, na simu iwe imezimwa. Chagua miti au misikiti mitatu unayoiona kwa mbali, kadiria masafa, kisha hesabu hatua zako. Watu wengi wenye nguvu hushindwa michujo kwa sababu walipotea, na aliyepotea hutembea kilomita nyingi kuliko aliyeijua njia.

Joto lisidharauliwe kwa kuwa tumelizoea. Mwezi Julai 2013 askari watatu wa akiba wa Uingereza walikufa kutokana na joto katika mchujo wa aina hiyo huko Wales, siku ambayo hewa ilifika nyuzi 30 hivi, ambazo kwetu ni siku ya kawaida ya Februari. Fanya mazoezi mazito baada ya alfajiri, kunywa maji kidogo kidogo njiani, na tia chumvi katika chakula. Maji mengi mno bila ya chumvi nayo huua. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akiacha kutoka jasho, zoezi limekwisha: mvueni nguo, mmwagieni maji, mpelekeni hospitali. Mwenye historia ya selimundu katika familia apime kabla ya kuanza, kwani hata mwenye chembe ya upande mmoja anaweza kuanguka katika zoezi kali. Mwezi wa Ramadhani punguza mzigo na usogeze matembezi baada ya tarawehe.

Katika kuogelea mtoto wa pwani anayo faida, lakini hujiamini kupita kiasi. Kuogelea kwa kujirusha baina ya ngarawa na ufukwe si sawa na mita 500 za mfululizo kwa mtindo mmoja na pumzi iliyopangika. Wamarekani wa majini huzitaka kama mita 457 kwa dakika 12 na nusu, na hicho ni kiwango cha chini tu cha kukubaliwa kuanza. Usifanye kamwe zoezi la kubana pumzi ukiwa peke yako. Mtu huzimia chini ya maji bila ya kuhisi dalili yoyote, na wavuvi wetu wa pweza na majongoo wanalijua hilo vizuri kuliko kitabu.

Hatua ya saba: baada ya kupita, na baada ya kutopita

Anayepita huanza upya kama mwanafunzi: miavuli, milipuko, tiba ya vitani, silaha za kigeni, mapigano ndani ya majengo. Huwekwa kwanza chini ya uangalizi, na anaweza kurudishwa hata baada ya mwaka. Sifa hazimfikii kwa jina, na kazi yenyewe huonekana mara chache. Mwezi Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, yaliingia Anjouan huko Komoro na kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa akikitawala kisiwa hicho; mwaka 2013 brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, iliundwa ikiwa na kombania ya kikosi maalumu na upelelezi ndani yake. Majina ya walioingia kwanza hatuyajui, wala hatupaswi kuyajua. Kwa hiyo kijana mwenye mazoea ya kurusha kila picha yake mtandaoni aanze kuyaacha mapema, kabla hajaombwa.

Asiyepita hurudi kikosini kwake akiwa askari yule yule, na mara nyingi akiwa askari bora zaidi. Aombe kuambiwa sababu, ikiwa utaratibu unaruhusu. Kama ni mguu, autibu kwa miezi na si kwa wiki mbili. Kama ni ramani, arudi kwenye ramani. Kama ni karatasi za wenzake, hilo huchukua muda mrefu zaidi kulirekebisha, na linaanzia kwenye chumba anacholala nao usiku huo huo anaporudi.